Nilikimbia kwa Jina la Aneth

(Sehemu ya saba)

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungia maandazi kabla hujalisoma, nikukumbushe kwa kifupi halafu tusonge, maana ya leo ni mazito.

Mimi naitwa Vumilia Thobias, mzaliwa wa Runzewe. Darasa la saba nilifeli. Mama hakutaka nikae nyumbani kusubiri kuolewa, akaenda kwa mdogo wake, mama mdogo Asteria, akaomba cheti cha kuzaliwa cha binti yake, Aneth. Nilimzidi Aneth miaka miwili, naye alikuwa ameacha shule, amewafuata wazazi wake machimboni Geita. Nikaandikishwa upya, shule nyingine, kwa jina la Aneth Cornel. Wengi kwetu wamesoma hivyo na leo wana ofisi zao, kwa hiyo usinikodolee macho.

Nikafaulu, nikapangiwa sekondari Shinyanga mjini. Huko ndiko miguu yangu ilikogunduliwa. Nikachaguliwa kukimbia mita mia moja katika mashindano ya vijana wa nchi saba, wenye umri chini ya miaka kumi na minane, ambayo mwaka ule yalifanyika hapo hapo Shinyanga. Aneth wa kwenye karatasi alikuwa na miaka kumi na saba. Vumilia alikuwa na kumi na tisa. Hapo ndipo nilipokuwa nimekalia kaa la moto.

Waliojua siri ile, kwa nilivyodhani, ukiniacha mimi, walikuwa watano: mama, mama mdogo Asteria, Mwalimu Edson kocha wangu, Loveness niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja cha juu na chini bwenini, na Aneth mwenyewe huko aliko.

Baadhi yenu mmeniandikia kwamba kumwambia Loveness nilijitakia. Sawa, nimesikia. Lakini miaka mitatu mnagawana mche mmoja wa sabuni, wewe ungenyamaza?

Haya. Niliishia asubuhi ya fainali.

Siku ile mambo yaliharibiwa na ng'ombe.

Nilipoingia uwanjani kupasha mwili moto nilimkuta amefungwa kwenye uzio, karibu na jukwaa kuu, kavishwa utepe mwekundu shingoni. Wanunuzi wa pamba pale mjini walijichanga wakamnunua, zawadi kwa mama mzazi wa Aneth Cornel, binti wa nyumbani aliyefika fainali. Walifuata karatasi. Karatasi inasema mama yake Aneth ni Asteria. Kwa hiyo aliyekuwa amekaa chini ya turubai, kwenye kiti cha kitambaa, na chupa ya maji mezani, ni mama mdogo.

Mama yangu alikuwa upande wa jua, kwenye nyasi, mfuko wake wa nailoni mapajani. Nikamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Yule ng'ombe umemwona?"

"Nimemwona."

"Ana mimba yule," mama akasema. "Maziwa yake atakunywa nani?"

"Mama, si tulikubaliana."

"Tulikubaliana uende shule. Ya ng'ombe hatukuyaongea."

Nikacheka. Nilidhani ananitania ili nisiwe na hofu. Nikamwacha pale, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza siku hiyo.

Mwalimu Edson alikuwa ananisubiri na viatu vyangu mkononi. Huyu ndiye aliyeniambia kidato cha pili, nilipomweleza ukweli huku nalia, "Hayo ya nyuma ni yako na Mungu wako. Mimi namjua Aneth. Likitokea la kutokea, nitasimama mbele yako." Nilimwamini kuliko baba yangu.

"Mshindi anapata nafasi ile ya chuo cha michezo cha nje," akaninong'oneza. "Miaka minne. Usiangalie pembeni."

Nikachutama njia ya tano. Loveness alikuwa njia ya pili, na sare yetu ni moja. Bastola ikalia.

Sitakudanganya kwamba nakumbuka mengi. Nakumbuka msichana wa Uganda alinitangulia mpaka katikati. Nakumbuka sauti za watu wa kwetu, na jinsi walivyokuwa wakiliita jina lile. Kwenye mita ishirini za mwisho nilimpita, nikavuka mstari mikono juu. Sekunde kumi na moja nukta tisa. Uganda wa pili, Kenya wa tatu, Loveness wa nne.

Loveness alikuja akanikumbatia. "Hongera, dada," akasema. Jasho lake lilikuwa mashavuni mwangu bado wakati anatoa simu kwenye begi lake.

Sasa angalia yaliyotokea jukwaani, maana mimi niliyasikia kwenye vipaza sauti kama watu wote. Mtangazaji wa redio moja ya mjini alipanda na kinasa sauti mpaka kwa mama mdogo.

"Tuko na mama mzazi wa bingwa. Mama Aneth, unajisikiaje?"

Mama mdogo akasema, "Namshukuru Mungu. Nimesikia wakimwita mwanangu. Wabeja sana, asanteni."

Hakumaliza. Nilisikia vurumai, kisha sauti nyingine ninayoijua tangu tumboni.

"Mwanao yupi, Asteria? Niambie hapa mbele za watu. Nani alimzaa yule? Nani alimkorogea uji? Mimi ni Mama Vumilia, na yule aliyekimbia pale ni mwanangu."

Uwanja mzima ulisikia, na redioni walisikia mpaka Kahama.

Mtangazaji akacheka. "Kumbe bingwa ana mama wawili." Watu wakacheka naye. Kwa dakika kumi hivi nikadhani tumepona, kwa sababu kwetu mtoto wa mdogo wako ni wako, na hakuna mtu wa Shinyanga angeona ajabu.

Loveness ndiye hakucheka. Alirekodi maneno yale, akayapeleka kwa waamuzi pamoja na barua aliyoiandika kwa mkono wake.

Nikaitwa chumba cha nyuma ya jukwaa. Aliyekuwa mezani ni Madam Mariana, kiongozi wa msafara wa timu yetu ya taifa, mtu wa Tanga, mpole lakini hana mchezo.

"Keti, Aneth," akasema. "Kuna pingamizi. Linasema wewe si Aneth. Linasema wewe ni Vumilia na una miaka kumi na tisa. Waandaaji wamenipa nusu saa niwajibu kwa maandishi. Medali zitasubiri."

"Nani kaandika, Madam?"

Akaigeuza ile karatasi nikaona mwandiko. Ule mwandiko naujua. Ndio niliokuwa nanakili nikikosa kipindi cha baiolojia.

Loveness alikuwa mlangoni. Nikamwuliza, "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," akasema. "Nimekuwa wa nne. Ukitoka wewe, mimi ni wa tatu." Alisema vile vile alivyokuwa akiniomba kitana, kisha akaondoka.

Basi nikajipa moyo, mwalimu wangu yupo. Akaitwa. Akaingia na kofia yake mkononi.

"Mwalimu Edson," Madam akamwuliza, "huyu binti unamjua kwa jina gani?"

"Madam, mimi ni mwalimu wa mazoezi," akajibu. "Nililetewa mwanafunzi mwenye cheti. Nikimwita Aneth anaitika. Kama kuna jingine nyuma yake, basi nimedanganywa kama mlivyodanganywa ninyi."

"Mwalimu," nikasema.

Hakugeuka. Alikuwa anaiangalia kofia yake.

"Hukuwahi kuambiwa chochote?"

"Sikuwahi, Madam."

Akaruhusiwa, akatoka. Mtu aliyenifunga kamba za viatu tangu nikiwa kidato cha kwanza alinipita kama anapita kiti.

Madam akasema, "Nisikilize, binti. Kama haya ni kweli, si medali tu. Aliyetoa cheti na aliyekitumia wote watahojiwa polisi. Walete hao mama zako wawili."

Wakaja. Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha pembeni. Mama yangu alisimama. Nilimwangalia nikitaka kumwambia kwa macho, kanusha, sema ulichanganyikiwa na jua. Hakuhitaji kufundishwa na mimi.

"Mama, umesema redioni kwamba wewe ni Mama Vumilia."

"Ndiyo, Madam. Ndivyo ninavyoitwa."

"Na huyu ni Vumilia?"

"Hapana," mama akasema. "Huyu ni Aneth, mtoto wa mdogo wangu huyu hapa. Nimemlea mimi. Kwetu huyo naye ni mwanangu, ndiyo maana nimesema vile. Roho iliniuma nilipoona nimesahauliwa."

"Vumilia yuko wapi?"

Mama hakupepesa macho.

"Vumilia wangu alikufa."

Msomaji wangu, sijui kama umewahi kukaa kwenye benchi ukasikia mama yako anasema umekufa, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwako, ananusa jasho lako. Mimi nimesikia.

"Pole, mama," Madam akasema. "Lakini niwie radhi, waandaaji hawataki maneno. Watataka ushahidi wa kifo."

Mama akafungua ule mfuko wa nailoni. Akatoa picha ya kipaimara, akatoa kadi ya kliniki, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja.

Ilikuwa kibali cha mazishi, chenye muhuri wa mtendaji wa kijiji kimoja cha huko machimboni Geita. Jina la marehemu: Vumilia Thobias. Tarehe tisa Septemba, karibu miaka minne nyuma.

Kwanza nikafikiri, mama yangu ni hodari, kaghushi mpaka muhuri. Halafu nikaitazama vizuri. Mikunjo ilikuwa imeanza kukatika. Wino wa muhuri ulikuwa umefifia. Ile haikuwa karatasi ya juzi.

Na tarehe ile naijua. Siku ile nilikuwa chumba cha mtihani, darasa la saba kwa mara ya pili, nafanya hesabu kwa jina la Aneth.

"Mama, hii ni nini?" nikamwuliza kwa Kisukuma.

Aliyenijibu ni mama mdogo, kwa Kisukuma pia, polepole. Madam Mariana hakuambulia neno.

"Si ya kughushi," akasema. "Kaburi lipo, na msalaba wake umeandikwa jina lako."

"Aliyelala mle ni nani?"

"Unaniuliza mimi, ng'wanawane, mwanangu? Tangu uanze kuitwa Aneth, Aneth amewahi kukupigia simu hata siku moja?"

Kila mama mdogo alipokuja Shinyanga alinipa salamu. Aneth anakusalimia. Aneth anapikia wachimbaji, hana nafasi. Aneth amepata mchumba. Mwaka juzi nilimpelekea viatu vyangu vya zamani vya kukimbilia, na jibu lilikuja kwamba vimemtosha.

"Kifusi," mama mdogo akasema. "Alikuwa anaokota mawe pembeni ya duara, shimo lile la wachimbaji, ukingo ukakatika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu."

Mama akaingilia. "Ilikuwa wiki ya mtihani wako. Nilikwenda msibani, mtendaji akauliza jina la marehemu. Kule kila mtu ni mgeni, hakuna aliyetujua. Ningesema Aneth, cheti kingezikwa naye, na wewe kalamu ulikuwa umeishika tayari. Ungefanyaje wewe?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungefeli."

"Miaka minne, mama?"

"Kila mwaka ulikuwa na mtihani wake," akasema.

Nilimchukia. Naandika hivyo hivyo, mnisamehe wenye mama zenu. Loveness aliniuza kwa nafasi ya tatu, Mwalimu Edson aliniuza kwa ajira yake, nao niliwaelewa. Huyu alinizika nikiwa hai, akanikalisha juu ya kaburi la mdogo wangu, kisha akawa ananipikia michembe ya viazi kila likizo na kuniuliza masomo yanaendeleaje.

"Na viatu?" nikamwuliza mama mdogo.

"Nilivifukia pale kaburini, upande wa miguu yake."

Madam akagonga meza kwa kalamu. "Jamani, mnaongea nini? Muda wangu unakwisha."

"Tunampa pole, Madam," mama akasema kwa Kiswahili safi. "Hakuwahi kuelezwa vizuri jinsi dada yake alivyokufa. Alikuwa mdogo."

Madam akaniangalia kwa huruma ya kweli. Akasogeza karatasi nyeupe mbele yangu na kalamu juu yake.

"Basi tufanye hivi, binti yangu. Hapo juu andika jina lako kamili. Chini yake andika kwamba Vumilia Thobias alikuwa ndugu yako na kwamba amefariki. Weka sahihi. Nitaambatanisha na hiki kibali, pingamizi litakuwa limekwisha, ukapande jukwaani kuchukua medali yako."

Ilikuwa rahisi hivyo. Medali, chuo cha nje, mama yangu nje ya polisi. Gharama yake ni mistari miwili.

"Andika," mama akasema.

Mama mdogo akainuka, akaja akachuchumaa karibu na magoti yangu. Akasema tena kwa Kisukuma.

"Mimi nilikubali siku ile kwa sababu dada yangu alinipigia magoti. Baba yake Aneth hakuweza kuishi na jambo lile, akaniacha. Kila nikienda pale namlilia mtoto wangu kwa jina la mtoto wa mwenzangu, watu wasinisikie. Nimechoka. Andika jina lako, ng'wanawane, nipate kumwandikia na wa kwangu."

"Asteria, utatufunga wote," mama akasema.

"Tufungwe."

"Na yule ng'ombe umeshampokea."

"Ng'ombe mchukue," mama mdogo akamjibu. "Unadhani nilikaa kwenye kile kiti kwa ajili ya ng'ombe? Nilikaa pale niwasikie wakimwita."

 

Nikashika kalamu. Nilifikiria medali, siwezi kusema sikuifikiria. Nilifikiria pia jinsi nilivyokuwa nikipakuliwa uji na Aneth jikoni kwao, na jinsi alivyonifungia mwenyewe kile cheti ndani ya daftari langu akasema, "Usikikunje." Alikuwa ananiamini na kitu chake.

Nikaandika V.

Nilikuwa sijaiandika herufi ile mwanzoni mwa jina langu tangu nilipohama Runzewe. Mama aliiona. Akakaa chini sakafuni, taratibu, na mfuko wake.

"V?" Madam Mariana akauliza. "Mbona V?"

Kabla sijamjibu, vipaza sauti vya nje vikakohoa. Nadhani mtangazaji hakuwa amepata taarifa kwamba medali zimesimamishwa. Alikuwa na orodha yake mkononi, akaisoma.

"Mita mia moja wasichana. Medali ya dhahabu. Kutoka Tanzania, binti wa nyumbani. Aneth Cornel."

Vigelegele vikapanda kutoka kila upande wa uwanja. Watu wakaanza kuliita jina lile pamoja, wazee na watoto, wakipiga makofi, Aneth, Aneth, na kioo cha dirisha la chumba kile kikawa kinatetemeka.

Mama mdogo alikuwa amegeuza uso kuelekea dirishani. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Nikaishusha kalamu niandike herufi ya pili, nimalize.

Akanishika mkono, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Subiri," akasema. "Usiandike kwanza. Waache wamwite mara moja tena."